Risasi Iliyojificha Mifupani

Ndugu zangu, metali zenye sumu za zebaki na kadimiamu nitazigusa, lakini leo muda mwingi nitaupa risasi, si ya bunduki bali ile metali yenye sumu (lead), kwa kuwa madhara yake humkuta mama akiwa ameshasahau alikoitoa.

Risasi huingia mwilini kwa vumbi la rangi kuukuu, moshi wa betri zinazoyeyushwa, au maji ya mabomba chakavu. Kwenye damu haikai sana. Mwili huichukulia kama kalsiamu, ukaihifadhi mfupani, nayo hukaa humo hata miaka 20 na zaidi. Binti akikua na kushika mimba, mtoto anadai kalsiamu ya kujengea mifupa yake. Chakula cha mama kisipotosha, mwili unakwenda kuichota mfupani, na risasi inatoka pamoja nayo. Kondo la nyuma haliizuii. Kiwango kwenye damu ya kitovu hukaribiana na cha mama. Hapo ndipo tunapoona mimba kuharibika, presha ya ujauzito, watoto njiti, na watoto ambao ubongo wao haukui inavyotakiwa. Wakati wa kunyonyesha mifupa huendelea kuitoa, ingawa kwa akina mama walio wengi faida ya maziwa yao bado ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Kwa hiyo nawasihi, mwanamke aliyepoteza mimba tusimhoji kama mtuhumiwa. Huenda sumu hiyo aliivuta angali mtoto.

Zebaki tuliijua vizuri kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Akina mama wasio na dalili kubwa walijifungua watoto walioharibika vibaya ubongo. Zebaki ya kwenye samaki hujikusanya kwa mtoto kuliko kwa mama.

Kadimiamu hupatikana pia kwenye moshi wa sigara. Mwenye upungufu wa madini chuma huifyonza zaidi, na hedhi na uzazi huwaweka wanawake wengi katika upungufu huo.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe; mjamzito asiyepata kalsiamu ya kutosha aongezewe. Wauguzi mliopo hapa, mama akija kliniki mara ya kwanza, muulizeni alikulia wapi na amewahi kufanya kazi gani, kisha mwandikieni kipimo cha damu.