Chupa ya Cornas Juu ya Friji

Asanteni. Kaeni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vya mbele havina deni.

Nimeombwa nizungumzie Syrah, mvinyo mwekundu wa zabibu ya jina hilo, ile ya kuhifadhiwa. Mlionisikia mwaka jana mnajua nitaanzia wapi: nitaanzia kwenye friji. Vumilieni.

Niliitwa hoteli moja hapa pwani, jina lake halitusaidii. Meneja akanipeleka kaunta, uso umejaa fahari. Juu ya friji la soda ilikuwa imesimama wima chupa ya Cornas, mvinyo wa Syrah, ya mavuno ya 2010. Akaniambia, "Mzee, hii tunaitunza, huu mwaka wa sita. Si mvinyo ukikaa ndiyo unanoga?" Nikaishika. Ilikuwa ya uvuguvugu kama chupa ya mtoto ya maziwa. Friji linatema joto kutoka chini, taa ya kaunta inaiwakia kutwa, na umeme ukikatika, AC nayo inalala. Kizibo kilikuwa kimejisukuma nje kiasi cha ukucha, na shingoni kulikuwa na mchirizi uliokauka, unanata. Nikamwambia, mwanangu, hii usiuze.

Wakaiuza jioni ile ile. Aliyeinunua ni mzee mmoja Mfaransa, alipoliona lile jina akachangamka kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi ya basi. Akanusa. Akaonja kidogo sana. Akaweka glasi chini, wala hakugomba. Aliomba bia. Mimi nimetukanwa na wateja kwa lugha nne, lakini hakuna tusi lililonichoma kama ile bia. Nikaonja kilichobaki: jamu iliyoungulia sufuriani. Mvinyo ulikuwa umepikwa miaka sita, polepole, na watu waliodhani wanautunza.

Sasa mjue kilichopikwa pale ni nini.

Cornas ni kijiji ukingo wa magharibi wa mto Rhône, Ufaransa, karibu na mji wa Valence. Mizabibu yake yote haifiki hekta 200. Shamba moja la mkonge la Tanga linaimeza yote na nafasi ikabaki. Tangu 1938 jina hilo lina sheria yake: mvinyo mwekundu tu, na zabibu ni Syrah tupu. Majirani zao wa Hermitage na Côte-Rôtie wanaruhusiwa kutia zabibu nyeupe kidogo. Cornas hakuna.

Na mkisikia mteremko msifikirie kilima cha kupandia baiskeli. Nasema mahali ambapo trekta likithubutu linabingirika. Mizabibu iko kwenye matuta ya ngazi, matuta yameshikwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mzabibu umefungwa kwenye mti wake wa kuusimamisha. Mvua kubwa ikipiga, udongo unashuka bondeni. Zamani waliurudisha juu kwa vikapu mgongoni. Naona dada yetu wa Lushoto anatikisa kichwa, yeye hahitaji kuelezwa. Kazi hiyo ilipowashinda watu, mashamba yaliachwa, hasa baada ya mdudu wa mizizi kuua mizabibu karne ya 19, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikawachukua vijana. Vichaka vikarudi. Mkulima mmoja wa mizabibu huko, Thierry Allemand, alianza kufyeka matuta yaliyotelekezwa miaka ya 1980. Kwa hiyo mteja akiuliza bei mbona kali, msimwonyeshe lebo, mwambieni habari ya ule mgongo.

Chini ya vichaka hivyo kuna graniti, mwamba wa ukoo mmoja na ile miamba ya Mwanza. Kule Cornas umeoza juu ukawa changarawe. Maji hayatuami, rutuba ni haba, mzabibu unahangaika na mizizi inapenya kwenye nyufa. Tunda linakuwa dogo, na tunda dogo lina ganda jingi zaidi ukilinganisha na maji yake. Gandani ndimo iliko rangi, ndimo ulimo na ukakasi.

Kuna mtu hapo anajiandaa kuuliza, "Kwa hiyo tuwaambie wateja wanaonja jiwe?" Hapana, msiwaambie! Jiwe haliyeyuki likaingia kwenye glasi. Mwamba unaamua maji na joto la mzabibu, basi.

Ukakasi mnaujua. Nani hajala bibo? Ulimi unakauka, mdomo unajikunja. Cornas kijana inakufanyia hivyo hivyo. Ikilala gizani, tanini zake, yaani vile vinavyoleta ukakasi, zinashikana, zinakuwa nzito, nyingine zinazama na kuwa mashapo, na ulimi unaachiwa nafasi. Zambarau ya rangi inaelekea matofali. Tunda linapungua, inakuja harufu ya ngozi, nyama ya kuchoma, zeituni. Hiyo ni kazi ya miaka kumi, pengine ishirini. Katikati hapo mvinyo hununa, hausemi chochote, na anayeufungua miaka hiyo anadhani kaibiwa. Lakini mvinyo mwingi wa dunia hii haukutengenezwa kusubiri. Ule mnaouza kwa glasi, uzeni. Mkiulaza miaka kumi mtapata mvinyo uliochoka.

Wengine mmeniambia hamnywi, dini hairuhusu. Sikuwaita kunywa. Pitisheni hiyo bahasha, ni pilipili manga niliyoisaga asubuhi. Mwaka 2008 wanasayansi wa Australia walitaja kitu kinachoipa Syrah harufu ya pilipili: rotundoni, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye pilipili manga. Halafu wakaona mtu mmoja kati ya watano haisikii kabisa. Kwa hiyo mteja akisema mvinyo hauna pilipili, msibishane naye, pengine pua yake ndivyo ilivyo.

Nina dakika tatu? Haya. Syrah huitwa pia Shiraz, na watu husema ilitoka mji wa Shiraz, Uajemi. Hiyo ni hadithi tu. Vipimo vya vinasaba vya mwisho wa miaka ya 1990 vilionyesha Syrah ni mtoto wa Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu za kusini mashariki mwa Ufaransa kule kule. Mteja akikuletea hadithi ya mpiganaji wa msalaba aliyekuja na mche kutoka Shiraz, tabasamu, bili yake ni kubwa.

Mapipa nayaruka. Kutunza: chupa ilale, giza, nyuzi 12 hadi 14, isitikisike. Kumwaga: isimamisheni siku moja kabla, mashapo yatue, mimina taratibu. Na "joto la chumba" ni la nyumba ya mawe ya Ulaya, nyuzi 16 au 18, si la chumba chako cha Sinza mwezi wa pili.

Naambiwa chakula tayari. Mwenye ufunguo wa stoo ya hapa anifuate kabla hatujala. Nimechungulia asubuhi, zipo chupa sita zimesimama dirishani.