Jangwani Hakupitiki: Nani Akae Mezani Barabara Inapochorwa?

Vijana wangu, na wenzangu wa taaluma mlioketi kule nyuma kana kwamba mnataka kutoroka, asanteni kwa kunisubiri. Nimechelewa kwa sababu ya foleni. Mhadhara wa barabara ukianza hivyo, angalau mzungumzaji anajua anachokisema.

Mnaoishi Dar es Salaam mmezoea habari hii. Mvua inapiga usiku kucha, asubuhi simu zinaanza kulia: Jangwani hakupitiki, pale barabara inapovuka bonde la mto Msimbazi. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, imesimama, wa Kimara anahangaika na bodaboda, na mashabiki wa Simba wanacheka kwamba Msimbazi imeingia Jangwani, nyumbani kwa Yanga, na mechi imeisha mapema. Utani ni mzuri. Ila mimi nikiyatazama yale maji naona kikao. Naona meza ambayo kuna watu hawakuitwa, au waliitwa wakaketi pembeni.

Awamu ya kwanza ya mwendokasi ina kilomita 20.9, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na mwaka 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Nilishangilia, na bado naona tulistahili. Lakini karakana na maegesho ya mabasi hayo yalijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, mto unaoshuka kutoka vilima vya Pugu na kuingia baharini pale Salander. Desemba 2011 bonde hilohilo lilipata mafuriko makubwa kuliko yote ya zaidi ya nusu karne. Watu kadhaa walikufa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Kwa maneno mengine, watu tuliwaambia hapa hapalaliki, kisha mabasi tukayalaza hapohapo. Maji yakaja kuyatembelea, tena si mara moja.

Sisemi mtaalamu wa maji hakuwepo. Katika miradi mikubwa huwa yupo, na jina lake liko kwenye orodha. Ninachouliza ni hiki: alipewa uwezo gani? Anaweza kusema "hapa hapana" na mchoro ukarudi nyuma, au anaandika sura yake, inabanwa pamoja na sura nyingine, kazi inaendelea?

Chukueni hadidu za rejea za mradi wowote wa barabara, yaani ile hati inayosema kila mtaalamu atafanya nini na kwa muda gani, mzisome. Mhandisi wa barabara ana, tuseme, miezi kumi na nane. Mtaalamu wa jamii ana wiki sita, na mara nyingi wiki hizo zinaanza mstari ukiwa umeshachorwa. Huyo atafanya nini? Ataongozana na mthamini, nyumba zitapigwa alama ya X nyekundu, naye atabaki kuwaeleza watu kwa upole jambo lililokwisha kuamuliwa. Huyo ni mpeleka barua tu, hata kama ana shahada tatu.

Nami nina deni langu. Nikiwa kijana kama ninyi nilikuwa kwenye timu ya kusanifu barabara ya mji mmoja mdogo wa bara, ambao sitautaja. Tuliitisha mkutano wa hadhara Alhamisi saa nne asubuhi. Karatasi ya mahudhurio ilijaa, picha zikapigwa, posho ikatoka. Wazee waliuliza maswali mazuri kuhusu fidia na hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni isiyoruhusiwa kujengwa. Tulirudi tumeridhika. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba Alhamisi ni siku ya gulio. Wanawake wa mji ule walikuwa gulioni, na wao ndio waliokuwa wakipanda magari yale kila wiki na matenga ya nyanya. Kituo tukakijenga safi, chenye paa na benchi, bila hata hatua tatu za mahali pa kushushia mzigo. Mwaka uliofuata nilipita pale: matenga yalikuwa yamepangwa juu ya lami, na malori yanayakwepa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata angetuambia siku ya gulio kwa sentensi moja. Alikuwa kwenye orodha ya "wadau wa kuarifiwa". Kuarifiwa!

Watakuja kuwaambia kwamba kuwaita watu wengi mezani kunachelewesha. Ni kweli, kunachelewesha. Kule Kentucky, Marekani, kuna barabara kati ya miji ya Lexington na Paris, yenye urefu wa kilomita kama ishirini. Mpango wa kuipanua ulisimamishwa na mahakama mwaka 1979, kwa sababu ungepita juu ya mashamba ya farasi na kuta za kale za mawe. Ujenzi ulikamilika 2003, baada ya wasanifu wa mandhari, watu wa historia, waashi wa mawe na wenye mashamba kuketi na wahandisi na kuifuatisha barabara na umbo la ardhi. Hesabuni wenyewe ni ipi iliyokula miaka mingi, meza au mahakama.

Na hapa kwetu tumeonja. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Dar es Salaam walizunguka mitaani na wakazi, katika Ramani Huria, wakichora mifereji na kuuliza maji yalifika wapi ukutani. Mwaka 2018 bonde la Msimbazi likapangwa upya kwa vikao vilivyowakutanisha wataalamu, taasisi za serikali na wakazi. Humo ndimo mlimotoka mpango wa kuihamisha karakana na kuinua daraja la Jangwani. Nadhani mjumbe wa shina wa pale angelisema mapema zaidi, kwa bei ya nauli.

Nimeletewa karatasi hapa: "Je, mama lishe atasaini vipi mchoro wa mhandisi?" Hatasaini mchoro. Atasaini muhtasari wa kikao, ulioandikwa Kiswahili, si ile ripoti ya Kiingereza ya kurasa mia nne. Na mhandisi ajibu kila hoja yake kwa maandishi kabla mchoro haujaenda hatua ya pili. Lisipoandikwa kwenye mkataba, halitafanyika. Nimeona mara nyingi.

Jumatano tunakutana kituo cha Fire saa kumi na mbili asubuhi, tutembee hadi Magomeni Mapipa. Kompyuta ziacheni nyumbani. Vaeni viatu visivyoogopa tope, na wawili wenu waje na tenga lililojaa, wapokezane njia nzima. Atakayechelewa atatukuta darajani.