Tani Iliyozikwa Ndiyo Inayolipwa: Tungamotaka kati ya Drax na Stockholm

ZUHURA: Hamjambo, wasikilizaji wetu. Leo mimi na Bwana Hamisi tunazungumzia fedha ambazo serikali hutoa ili mitambo inayofua umeme kwa kuchoma tungamotaka, yaani mbao na mabaki ya mimea, ipunguze uchafuzi wake. Huku kwetu neno hilo humpeleka mtu moja kwa moja kwenye kuni na mkaa wa jikoni, lakini leo tuko Uingereza na Uswidi.

HAMISI: Tuanze na Drax, Bi Zuhura, kituo kikubwa cha umeme kilichoko North Yorkshire. Kilijengwa kwa ajili ya makaa ya mawe, kisha kati ya mwaka 2013 na 2018 mitambo yake minne kati ya sita ikabadilishwa ili ichome punje za mbao zilizoshindiliwa, ambazo nyingi huletwa kwa meli kutoka Marekani na Kanada. Ruzuku ililipwa kwa kila kipimo cha umeme uliofuliwa, na mzigo wake ukaangukia bili za wateja.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapopatwa na shaka. Mbao ikichomwa hutoa hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto duniani, kama yalivyofanya makaa ya mawe. Tunaambiwa ni nishati safi kwa sababu mti mwingine utaota na kuinyonya hewa hiyo, ilhali mti huchukua miongo kukua na mkataba wa umeme huisha baada ya miaka michache tu.

HAMISI: Ndiyo maana Drax walipendekeza kuinasa hewa hiyo kabla haijatoka na kuizika chini ya bahari, takriban tani milioni 8 kwa mwaka, na Januari 2024 wakapewa kibali cha ujenzi. Kibali, hata hivyo, si fedha. Mkataba wao na serikali uliotangazwa Februari 2025, wa kuanzia 2027 hadi 2031, bado unanunua umeme. Masharti yamekazwa, sikatai: kituo kilichokuwa kikifanya kazi karibu theluthi mbili ya muda kitapata ruzuku kwa asilimia 27 tu ya uwezo wake, na mbao zote, si asilimia 70 kama zamani, zitapaswa kutoka kwenye vyanzo endelevu.

ZUHURA: Kwa maneno mengine, wamepunguza matumizi ya teknolojia ileile. Je, Uswidi wamefanya nini tofauti?

HAMISI: Wao wamebadilisha kile kinacholipiwa. Serikali iliendesha mnada wa kinyume, yaani anayetaka malipo madogo zaidi kwa kila tani ya hewa ukaa aliyoizika ndiye anayeshinda. Januari 2025 kampuni ya Stockholm Exergi, ya mji mkuu wa Uswidi, ilishinda, kwa msaada wa takriban krona (sarafu ya Uswidi) bilioni 20 katika miaka 15. Mtambo wao wa Värtan huchoma mabaki ya misitu na ya viwanda vya mbao, nao utanasa tani 800,000 kwa mwaka kuanzia 2028.

ZUHURA: Lakini kunasa hewa hiyo nako kunakula nishati nyingi.

HAMISI: Kunakula, na hapo ndipo Stockholm ina bahati ambayo Drax haina. Mtambo wa Värtan hupasha joto nyumba za jiji kwa maji ya moto yanayopita kwenye mabomba, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto linalotumika katika unasaji hurudishwa kwenye mabomba hayohayo. Drax hawana jiji la kulipasha joto lao.

ZUHURA: Na hewa yenyewe inapelekwa wapi?

HAMISI: Itageuzwa kuwa kimiminika, isafirishwe kwa meli hadi Norway, kisha isukumwe ndani ya miamba iliyoko takriban mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari.

ZUHURA: Meli ikichelewa, je?

HAMISI: Tani isiyozikwa hailipiwi, Bi Zuhura. Hasara hiyo ni ya kampuni.