Nikon D90 ya mtumba au Sony RX100: chagua, kagua, ndipo ulipe

Karibu mtazamaji. Mezani hapa kuna kamera mbili, zote za mtumba. Hii kubwa ni Nikon D90, DSLR (kamera yenye kioo ndani na lenzi inayovuliwa) iliyotoka mwaka 2008, imefungwa lenzi ya milimita 18-105 iliyokuwa ikiuzwa nayo. Hii ndogo ni Sony RX100 ya kwanza kabisa, ya mwaka 2012. Kama hela yako inatosha moja tu, video hii ni yako. Kwanza tunaamua ipi inakufaa, kisha tunaikagua kama iko kaunta na muuzaji anakusubiri.

Hatua ya kwanza: megapikseli ziweke pembeni, uliza sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. D90 ina megapikseli 12.3, RX100 ina 20.2, na wauzaji wengi watakuambia basi ndogo ndiyo bora. Picha ya D90 ina pikseli 4,288 kwa 2,848. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya sentimita 36 kwa 24, yaani A4 inajaa na chenji inabaki. Kwa albamu, fremu ya ukutani na mitandao, huhitaji zaidi ya hapo.

Sensa ndiyo yenye maneno. Ya D90 ina milimita 23.6 kwa 15.8. Ya RX100 ni 13.2 kwa 8.8. Zile kompakti za bei ya chini zilizojaa kwenye mafungu ya mtumba nyingi zina sensa ya kama milimita 6.2 kwa 4.6, kucha ya kidole chako kidogo inaifunika. Kwa eneo, ya D90 ni kama mara 3 ya RX100, na mara 13 ya hizo ndogo. Taa ikiwa hafifu, sensa ndogo hukosa mwanga, kamera inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, na picha inajaa chenga. Kwa hiyo zile ndogo tunaziondoa mezani mapema. Kama una simu nzuri, hazitakuongezea kitu, isipokuwa zile zenye zumu ndefu ya mara 20 na kuendelea, nazo ni kwa mchana tu.

Hatua ya pili: piga hesabu ya lenzi, maana sensa peke yake haikamilishi. Tazama maandishi mbele ya lenzi ya D90: 1:3.5-5.6. Sasa ya RX100: 1.8-4.9. Namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi. Bila zumu, lenzi ya RX100 inapitisha mwanga karibu mara 4 ya lenzi hii ya D90. Sensa ya D90 ilikuwa inashinda mara 3, kwa hiyo ndani ya chumba, ukiwa umesimama karibu na watu, hizi mbili zinatoshana nguvu. Ukivuta zumu mpaka mwisho hali inageuka: 4.9 na 5.6 hazipishani sana, na sensa kubwa inarudi mbele.

Ila D90 inavua lenzi. Ukiifunga AF-S 35mm f/1.8G, yenye gramu 200 hivi, au 50mm f/1.8D ya zamani, RX100 haiifikii tena kwenye giza. Hapa uwe makini. Hiyo 50mm f/1.8D haina mota ndani yake. Inazungushwa na mota iliyo kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. D90 inayo. D3000, D3100, D5000 na wenzake hawana, kwa hiyo lenzi hiyo itapiga picha lakini fokasi, yaani kukaza picha ionekane vizuri, utazungusha kwa mkono. Watu hununua bodi ya D3100 kwa sababu ni mpya zaidi, halafu wanashangaa fokasi imegoma.

Hatua ya tatu: jiulize kitakachokuwa mbele ya kamera.

Kama ni watu wanaotembea, kama bibi harusi anayeingia ukumbini, watoto uwanjani au kwaya inayocheza, chukua D90. DSLR hupima fokasi kwa sensa yake maalumu iliyo chini ya kioo, na lenzi inajua moja kwa moja iende upande gani. RX100 hupapasa mbele na nyuma mpaka picha ikaze, na katika kupapasa huko mtoto ameshapita. Kwenye D90 weka AF-C, fokasi inayomfuata mtu anayesogea, shikilia kitufe nusu, mfuate mtu, kisha malizia kubonyeza.

Kama ni sherehe za ndani, D90 tena, kwa sababu ya kiatu cha flashi hapa juu. Unafunga flashi, unaielekeza darini, mwanga unashuka laini kwenye nyuso. Dari iwe nyeupe lakini. Chini ya turubai la bluu nyuso zitarudi na ubluu, na chini ya makuti mwanga unamezwa wote. Hapo geuza flashi ielekee mbele na upunguze nguvu. RX100 haina kiatu. Ina kiflashi kidogo kinachochomoza, kinatosha meza moja ya wageni.

Kama ni safari, mtaani au nyumbani, RX100. Ina gramu 240 pamoja na betri na kadi, inaingia mfuko wa suruali. D90 na lenzi hii zinavuka kilo 1, na barabarani kila mtu anaiona. Kasoro ya RX100 ni kwamba haina tundu la kutazamia. Jua la saa saba likipiga skrini, unapiga kwa kukisia.

Video? D90 ndiyo DSLR ya kwanza kurekodi video, lakini ni 720p, kipande kimoja cha HD kinaishia dakika 5, na fokasi haijirekebishi wakati unarekodi. RX100 inatoa 1080p na inafuatisha fokasi. Zote hazina tundu la maikrofoni. Kama unataka kuhoji watu, waweza kuacha zote mbili ukatafute Canon 550D ya mwaka 2010: ina 1080p na tundu la maikrofoni la milimita 3.5.

Hatua ya nne: jumlisha vyote kabla hujashangilia bei. Bodi ya D90 ikiwa rahisi, uliza: lenzi ipo? Chaja ipo? Betri ni EN-EL3e? D90 haichaji kwa waya wa USB, chaja yake ni lazima. RX100 inachaji kwa waya wa USB ndogo, ule wa simu za zamani, huo utaupata popote. Kadi nayo: D90 inatumia SD na SDHC, kwa hiyo nunua ya GB 32 au chini yake. Ya GB 64 ni SDXC, na D90 haikutengenezewa hiyo.

Sasa tuko dukani. Tunaanza na D90.

Washa, fungua menyu yenye alama ya spana, shuka hadi taarifa za betri. Angalia umri wa betri: 0 ni mpya, 4 imezeeka. Betri ikisoma 4, ondoa gharama ya betri mpya kwenye bei.

Vua lenzi. Chukua tochi ya simu. Hizi lenzi za herufi G zikivuliwa hujifunga tundu, kwa hiyo tumia kidole kusukuma hiki kijiti cha chuma nyuma, tundu lifunguke. Kishikilie hivyo. Mulika kutokea nyuma, wewe tazama kwa mbele, ukiinamisha lenzi polepole. Vumbi vichache si neno, haviingii kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyeupe zenye matawi, kama utando wa buibui uliobandikwa kwenye kioo, mara nyingi zikianzia ukingoni. Hiyo ni kuvu. Lenzi zilizokaa Tanga, Mombasa au Unguja ndani ya begi la ngozi kabatini huipata sana, kwa sababu ya unyevu wa pwani na giza. Kuvu hula hata utandu wa rangi uliopakwa kwenye kioo. Fundi akiifuta, alama inaweza kubaki. Iache lenzi hiyo, na usiiweke begi moja na lenzi zako nzima.

Sensa sasa. Rudisha lenzi, weka gurudumu kwenye A ili uchague tundu mwenyewe, tundu f/22, ISO 200, fokasi kwa mkono, uiharibu makusudi mpaka usione kitu vizuri. Piga ukuta mweupe au anga, ukitikisa kamera kidogo wakati inapiga. Picha ikuze kwenye skrini uipitie kona hadi kona. Doa la kijivu lisilohama kwenye picha mbili ni vumbi kwenye sensa. Doa likiwa juu ya picha, vumbi lenyewe liko upande wa chini wa sensa, maana picha huingia imepinduka. Vumbi hutoka: betri ijae, chagua kwenye menyu kuinua kioo kwa ajili ya usafi, geuza kamera itazame chini, pulizia kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yakirukia sensa utatafuta fundi. Mstari usiofutika, au nukta inayong'aa nyekundu au kijani hata ukiwa umefunika lenzi, hilo ni jambo jingine. Punguza bei au ondoka.

Idadi ya picha ilizopiga: shata ya D90, pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, ilijaribiwa kiwandani kwa mizunguko 100,000. Si kwamba hapo inakufa, zipo zinazopita mbali, lakini inakupa picha ya uchovu wake. Piga picha moja, ihamishe kwa kisoma kadi kwenda kwenye kompyuta, ifungue kwa programu ya bure ya ExifTool, utaona mstari wa hesabu ya shata. Ihamishe kwa kadi, si kwa WhatsApp. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inafuta taarifa hizo, na utabaki na picha isiyosema lolote.

Halafu piga picha kumi mfululizo kwa 1/4000 kwenye mwanga mkali. Ukiona utepe mweusi ukingoni mwa picha, shata inabanwa. Shata inabadilishwa na fundi, lakini ulizia bei yake kwanza.

Jambo dogo linalowakosesha watu kamera nzima: umefunga ile 50mm f/1.8D, skrini ya juu inawaka fEE na kamera haipigi. Haijaharibika. Zungusha pete ya lenzi mpaka 22 na uifunge na kifungio chake. Imekwisha. Na hii raba ya gumba ikibanduka, hutokea sana kwenye Nikon za kipindi hiki, gundi inatosha. Iwe sababu ya kuomba upunguziwe tu.

RX100 inakaguliwa kwa njia nyingine, kwa sababu lenzi haivuliwi. Lenzi ikifa, kamera imekufa, na mara nyingi matengenezo yanakaribia bei ya kamera nyingine ya mtumba. Kwa hiyo lenzi ndiyo unayonunua.

Iwashe na kuizima mara 10: mara 4 ikitazama mbele, 3 ikitazama chini, 3 juu. Sikiliza. Lenzi isiyo na kasoro inatoka kwa mlio mmoja laini. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga kwenye meno, ni mchanga kweli, mara nyingi wa ufukweni, na siku moja itakwama nje ikikuambia uizime na kuiwasha upya. Tazama pia hivi vipande vinavyofunika lenzi: vifunguke na kufunga vyote, kusibaki kimoja kimening'inia. Kisha shika mrija wa lenzi kwa vidole viwili, kwa upole. Kucheza kidogo sana ni kawaida, kulegea si kawaida.

Sasa vumbi. Vuta zumu mwisho, tundu f/11, piga anga. Lenzi inayoingia na kutoka huvuta hewa kama pampu, na vumbi likishafika kwenye sensa hakuna mlango wa kuingilia. Mpaka kamera ifumuliwe skrubu zote. Doa moja kwenye D90 nimekuambia lipulize. Doa moja kwenye RX100, rudisha kamera kaunta uombe nyingine.

Angalia kona nne kwa kupiga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, kamera ikiwa imenyooka. Herufi zikisomeka kona tatu na ya nne ikawa na ukungu, lenzi imepinda, iliwahi kuanguka. Tafuta kibonyeo kwenye kona ya bodi upande huohuo, mara nyingi utakikuta.

Mwisho, kabla ya kutoa hela, kubaliana na muuzaji siku za kurudisha, hata 3, na aandike namba ya bodi kwenye risiti. Usiku huohuo nyumbani, zima taa, funika lenzi, piga picha ya sekunde 1, nyingine ya sekunde 10. Nukta mbili tatu zinazong'aa kwenye ile ya sekunde 10 zivumilie. Zikiwa zimetapakaa hata kwenye ya sekunde 1, asubuhi irudishe na risiti yako.