Pakiti Moja Huchambuliwa Zaidi ya Mara Moja

Ndugu zangu, karibuni. Wengi wenu mnaitumia Wireshark, programu ya kunasa na kuchambua pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, aliyoianzisha Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, ikabadilishwa jina mwaka 2006. Inatambua itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta) nyingi mno, ila ile mliyoitunga wenyewe kazini haiijui. Itawaonyesha baiti tupu. Hapo ndipo inapohitajika programu-jalizi, kijiprogramu cha kuifundisha Wireshark itifaki yenu.

Kwa Lua, lugha ya kuandikia programu, kuanza ni rahisi: Proto kwa itifaki, ProtoField kwa sehemu zake, fanksheni ya kuchambua, kisha unaisajili kwenye poti. Sitakaa sana hapo.

Ugumu uko kwenye TCP, itifaki inayobeba data kati ya kompyuta mbili. TCP haijui ujumbe unaanzia wapi wala kuishia wapi. Kwake yote ni mfululizo wa baiti. Fremu ya kawaida ya Ethernet hubeba baiti 1,500, hivyo ujumbe wa baiti 4,000 utafika vipande vipande, na jumbe tatu fupi zaweza kufika pamoja. Soma kwanza urefu uliotajwa mwanzoni mwa ujumbe. Baiti zikiwa pungufu, andika idadi ya zinazokosekana kwenye pinfo.desegment_len (pinfo ni taarifa za pakiti ambazo Wireshark huipa fanksheni yako), na ujumbe ulipoanzia kwenye pinfo.desegment_offset, halafu toka kwenye fanksheni (return). Wireshark itakuita tena zikitimia. Lakini urefu huo uukague: aliyeuandika humjui, na ukiwa sifuri kitanzi chako (loop) cha kusoma jumbe kinaweza kuzunguka bila kikomo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wireshark huiita fanksheni yako zaidi ya mara moja kwa pakiti ileile. Faili likifunguliwa, huzipitia kwa mpangilio. Baadaye huiita tena unapobofya pakiti au kuweka kichujio, na ukibofya, huanza na pakiti yoyote uliyoichagua. Ukihesabu maombi kwa kigeu (variable) cha kawaida, hesabu itapanda kwa kila unapobofya! Na kuna mwenzenu usiku wa manane anayeitegemea namba hiyo kuamua kama tatizo ni seva au ni mtandao. Tunamdanganya.

Kwa hiyo hesabu pale tu pinfo.visited inapokuwa false, yaani pakiti inapopitiwa kwa mara ya kwanza, uhifadhi jibu kwenye jedwali kwa pinfo.number, namba ya pakiti. Ukiitwa tena, soma jedwalini. Jedwali lenyewe lisafishe ndani ya fanksheni ya init, ili faili jipya lisirithi hesabu za faili la zamani.

Fungueni kompyuta tujaribu. Bofyeni pakiti ya mwisho, kisha ya kwanza, kisha ya mwisho tena. Namba ikibadilika, niiteni tuutazame msimbo pamoja.