F5 ya Mama Karani

Ahsanteni. Mwenyekiti ameniomba niwe mfupi, na mnaonijua mnajua ameomba bure.

Mmeniuliza kama tuachane na programu za meinfremu, zile kompyuta kubwa za ofisi na mabenki, tuhamie mifumo ya wavuti. Kila anayeniuliza hili hunionyesha skrini: nyeusi, maandishi ya kijani, mistari 24, herufi 80 kwa mstari. "Mzee, hii si aibu?" Aibu ya nani? Hiyo ni sura tu. Mimi nauliza kilichomo ndani.

Niwape kisa, waliokwisha kukisikia wanivumilie. Ofisi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na karani wa malipo, mama mmoja ambaye kibodi hakuitazama. Namba, kitufe cha Tab, Tab tena, kitufe cha F5, macho yapo kwa mteja. F5 kwake ilikuwa kuhifadhi. Tukamletea mfumo wa wavuti, una rangi, unapendeza. Siku ya kwanza akajaza fomu yote, kidole kikaenda F5 chenyewe. Kwenye kivinjari F5 ni kufungua ukurasa upya. Fomu ikabaki nyeupe! Akajaza tena, kidole kikaenda tena. Foleni ikafika mlangoni. Akaniita: "Mwanangu, kazi yangu mnaitupa wapi?" Katika timu nzima, hakuna aliyewahi kukaa naye hata saa moja.

Hilo lilirekebishika. Mwisho wa mwezi ndio ulituumbua. COBOL, lugha ya zamani iliyoandikiwa programu ile ya meinfremu, ilikuwa ikihesabu pesa kwa desimali kamili. Kijana wetu akatumia namba za kawaida za JavaScript, lugha ya programu za wavuti, ambako 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Msicheke. Senti hapa, senti pale, hesabu zikagoma kufunga. Halafu ndani ya programu ya zamani kulikuwa na mstari uliosamehe ada akaunti fulani, juu yake pameandikwa "usiguse". Tukaona ni takataka, tukaufuta. Wateja wakaja na mikataba iliyotiwa saini kabla nusu yetu hatujazaliwa.

Najua kuna atakayesema waandishi wa COBOL wanastaafu. Kweli, na hapo mimi mwenyewe silali. Lakini COBOL inafundishika. Sababu ya ule mstari ataifundisha nani, mzee aliyeuandika akishaondoka? Kaeni naye sasa, si siku ya keki ya kumuaga.

Na msidhani ni uzembe wa ofisi ndogo. Uingereza, Aprili 2018, benki ya TSB ilihamisha wateja zaidi ya milioni 5 wikendi moja. Wengi wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao. Mwaka 2022 ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65.

Kwa hiyo wavuti ndiyo, lakini ianze mbele, kwenye skrini anayoiona karani; moyo, yaani hesabu zenyewe, ubaki ulipo. Toeni kipande kimoja kimoja, mifumo miwili ikimbie sambamba, mlinganishe hadi senti ya mwisho. Nilikuwa na slaidi za leseni na usalama... naona mwenyekiti anagonga saa. Basi, mtazisoma wenyewe. Maswali?