Kabla hamjaniongezea menyu nyingine, niambieni ukurasa upi umechakaa

Wale wa mlangoni ingieni tu, viti vipo huku mbele.

Wanaonijua wanajua naelekea wapi. Ndiyo, picha za skrini, tena. Na nitazisema mpaka watengenezaji wa programu za kuandikia miongozo wasikie, maana kila toleo jipya wanatuletea rangi mpya za menyu na namna nyingine ya kupanga jedwali, tatizo lenyewe liko palepale.

Hebu chukua mwongozo wowote. Hatua ya 4: "Bonyeza Hifadhi, kona ya juu kulia." Chini yake picha na mshale mwekundu. Jumatatu developa anaamua kitufe kishuke chini na kiitwe Kamilisha. Kwake yeye ni mstari mmoja kwenye faili la lebo, yaani maneno ya vitufe, kamaliza, kaenda zake. Mwandishi je? Haambiwi na mtu. Programu anayoandikia nayo kimya, kwa sababu kwake picha ile ni PNG, vidoadoa vya rangi tu, haijui kama mle ndani kuna kitufe, haijui ni ya toleo lipi la bidhaa, na ukitafuta neno Hifadhi kwenye faili zako zote lililo ndani ya picha halitokei. Sasa zidisha kwa lugha zote mnazotafsiria, kila lugha na picha yake. Anayekuja kugundua ni mteja, na mteja akigundua huwa hapigi simu kusifia.

Ninachotaka ni hiki: nikitaja kitufe nisiandike herufi, nielekeze kwenye lebo yenyewe ndani ya bidhaa, ikibadilika kule ibadilike na kwangu. Na picha ikumbuke ilipigwaje: fungua ukurasa huu, ingia na akaunti ya majaribio, bonyeza hapa, piga. Bidhaa ikibadilika, programu ipige upya yenyewe, ikishindwa basi iniwekee alama, "ukurasa huu kaukague". Basi, sitaki makubwa.

Najua kuna mtu anasema moyoni mbona hayo yapo. Yapo vipande vipande, sikatai. Playwright na Selenium zinafungua brauza na kupiga picha zenyewe, ila lazima ujue kuandika skripti. Sphinx, programu ya kujengea miongozo, inavuta mfano wa msimbo moja kwa moja kutoka kwenye faili lake, safi sana. DITA, mfumo wa kuandika miongozo vipande vipande, tangu OASIS, shirika la viwango, waipitishe 2005 inakuruhusu kuandika aya mara moja ukaitumia sehemu kumi. Lakini angalia vizuri, hizo mbili za mwisho ni maandishi yanayorejelea maandishi mengine. Aya ikishakuwa ya uongo inakuwa ya uongo sehemu zote kumi, tena bila tofauti hata ya nukta!

Markdown ya 2004, ile namna ya kupanga maandishi kwa alama chache, naipenda, nyepesi, kila developa anaijua, ila ile ya asili haina hata namna ya kusema "aya hii ni onyo", ndiyo maana kila mtu kajibunia yake.

Mwingine atasema akili mnemba itaandika yote. Itaandika, tena kwa kujiamini, kuhusu kitufe kilichoondolewa. Kwani inasoma nini? Si huohuo mwongozo wetu uliochakaa!

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka basi. Tafsiri: nikibadilisha sentensi moja, mfasiri apelekewe hiyo moja, siyo ukurasa mzima. Sehemu zenye masharti: nikificha aya kwa wateja wa toleo la bure, nione hapohapo wao wataona nini, siyo nisubiri mwongozo wote ujengwe upya. Utafutaji nauruka.

Mapitio siruki. Enjinia anatumiwa PDF, anaandika pembeni "hii siyo sahihi", haandiki sahihi ni ipi, halafu mimi nakaa kuyahamisha maoni yake kwa mkono hadi kwenye chanzo, moja baada ya jingine, mpaka leo hii jamani! Maoni yaangukie kwenye sentensi yenyewe kule ninakoandika, na asiweze kuyatuma kabla hajajaza kisanduku cha "sahihi ni ipi".

Haya, maswali. Wewe wa nyuma kule, naona mkono uko juu tangu nitaje PDF.